Mwaka Niliomwomba Asubiri

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliitwa Kitale kuwafundisha walimu wa michezo wa shule za msingi. Barua ilisema nizungumze juu ya motisha: mtoto mwenye kipaji cha mpira anaipataje hamu ya kucheza, na hamu hiyo inatunzwaje isife. Waliniita kwa sababu ya kombe moja. Kombe lenyewe lilikuwa bado kwenye kabati la mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani, karibu na Kamukuywa, sikio moja limeshika kutu, lakini sifa yake ilikuwa imenifuata miaka yote. Huyu ndiye aliyeipeleka shule ya kijijini fainali za mkoa.

Nilivaa suti. Nilisema maneno mazuri, kwa sababu kuongea hakujawahi kunishinda. Niliwaambia mtoto asifiwe kabla ya kukosolewa, asichapwe kwa kukosa goli, aachwe acheze mahali anapopapenda. Waliandika kila kitu. Nilipomaliza, mwalimu mmoja kijana aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono.

"Mwalimu, yule kijana wako wa mguu wa kushoto, yule tulikuwa tunasikia habari yake tukiwa wadogo, siku hizi ako wapi?"

"Alienda Nairobi," nikasema. "Alichezea timu kadhaa huko."

Wakapiga makofi. Uongo huo niliutoa bila hata kumeza mate. Mtu waliyeniulizia alikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ukumbi ule, nyuma ya soko la Kitale, akipakia magunia ya mahindi kwenye lori. Nilijua alipokuwa. Nilikuwa nimejua kwa miaka.

Sasa nimestaafu, sina wa kumwogopa. Wacha niseme nilichopaswa kuwaambia walimu wale.

Nilipohamishiwa shule ile ya karibu na Kamukuywa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa na nywele nyingi na hasira za karibu. Uwanja wetu ulikuwa umeinama upande mmoja, timu iliyocheza kuelekea mlimani ilikuwa hoi kabla ya mapumziko. Nilipewa michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mimi mwenyewe mpira niliucheza vibaya sana, na wanafunzi walijua, wakicheka nikipiga kona. Lakini jicho nilikuwa nalo. Nikimtazama mtoto akikimbia dakika tano tu, najua.

Yule mtoto nilimwona kwanza barabarani. Alikuwa darasa la tano, anamswaga ng'ombe mmoja mkaidi kwenda mtoni, na mguuni ana mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Ng'ombe alipokata kona kuingia shamba la watu, mtoto aliupitisha mpira chini ya tumbo lake, akazunguka nyuma ya mkia, akaupokea upande wa pili, akamchapa ng'ombe kifimbo kimoja, safari ikaendelea. Hakugeuka kuona kama kuna mtu anamtazama. Nilisimamisha baiskeli nikacheka peke yangu pale kando ya barabara.

Nyuma yake walikuwa wengine watatu na ng'ombe wao. Hao ndio nilipaswa kuwatazama vizuri zaidi, lakini siku ile niliwaona kama vumbi tu. Walikuwa wanne, boma zao zimepakana, wamepishana miezi michache tu kuzaliwa. Mmoja alijua kupiga mluzi kwa meno, mluzi mkali unaoweza kusikika ng'ambo ya mto. Uwanjani, mpiga mluzi akipiga mluzi wake, yule wa mguu wa kushoto aliutoa mpira bila kuinua kichwa, na mpira ulifika. Ukifika, wote wanne walicheka kwa sauti, hata wakiwa wamefungwa magoli matano. Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi. Alfajiri, kabla ya kengele, niliwakuta tayari wametoa jasho, vitabu vyao vimepangwa chini kuwa milingoti ya goli.

Mimi nikasema, huyu mtoto anaupenda mpira. Niliandika hivyo hata kwenye ripoti yake ya mwisho wa muhula.

Alipofika darasa la saba tulikuwa na timu. Wale wanne wote walikuwemo, na kusema kweli watatu walikuwa wachezaji wa kawaida, wa kujaza nafasi. Yeye alikuwa kitu kingine. Tulishinda tarafa. Tulishinda wilaya. Wazee ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani walianza kuja na viti vyao. Mwalimu mkuu, ambaye hapo awali alinipa mpira mmoja kwa mwaka mzima na kuuliza uko wapi kila Ijumaa, alianza kuniita kaka.

Lakini ulikuwa mwaka wa tohara. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti, na katika miaka ya shufwa tu. Mwaka wa witiri unapita hivi hivi. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema yuko tayari. Anavaa shanga, anashika njuga, anazunguka kwa jamaa zake wiki nzima kuwaalika, huku akiimbiwa. Siku yake ikifika anapakwa tope mtoni alfajiri, kisha uani kwao anasimama mbele ya kisu na watu wote bila kupepesa jicho. Akitoka hapo ni mwanamume, na wale waliosimama mwaka huo ni wenzake hadi kaburini. Kila mmoja humwita mwenzake bakoki. Bakoki akija kwako anafunua sufuria bila kuomba ruhusa, anakutukana mbele ya mke wako na unacheka, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Akikuomba jambo kwa jina hilo, huwezi kumnyima.

Wale wanne walikuwa wamekubaliana tangu wakiwa wachunga ng'ombe kwamba wataingia pamoja. Mwezi wa Juni walianza kuja shuleni na njuga kwenye mifuko ya vitabu. Nilizisikia zikilia kila walipokimbia kuingia darasani, nikawatania, nikawauliza ni nani kati yao atakayelia kwanza.

Kisha ratiba ya mkoa ikaja. Fainali zingechezwa Kanduyi, wiki ya kwanza ya Agosti. Ilikuwa wiki yao ileile.

Niliikunja ratiba nikaiweka mfukoni siku mbili. Wale watatu ningewaachia waende, nafasi zao ningezijaza. Yeye hakuwa na wa kumjazia. Bila yeye ningekwenda Kanduyi kufungwa na kurudi, na mwalimu mkuu angeacha kuniita kaka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Leo nikijisikia nikifikiri vile, natamani nimshike yule kijana wa nywele nyingi kwa kola.

Mgeni asingefanya nilichofanya. Mwalimu wa kutoka Nyeri au Mombasa angegonga mwamba palepale nyumbani kwa mtoto, mama angemwambia hayo si mambo ya shule. Mimi nilikuwa wa hapo. Nilijua mlango wa kugonga, tena nilijua na neno la kusema nikifunguliwa.

Baba yake alikuwa kibarua katika shamba kubwa la mahindi kupita Kachibora, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Na yule baba alikuwa bakoki wangu. Tulitahiriwa mwaka mmoja, mimi nikiwa mdogo kabisa katika mstari, yeye akiwa mkubwa kuliko wote, kijana aliyeanza kuota ndevu. Alikuwa amecheleweshwa kwa misiba iliyofuatana kwao. Nakumbuka tulivyomshangaa, mtu mrefu vile katikati ya watoto.

Nilimkuta Jumapili, amekaa nje ya nyumba za wafanyakazi, anakoboa mahindi kwa kidole gumba. Aliponiona aliruka, akanitukana matusi yetu ya kawaida, akaita chai. Nilimweleza. Hakuacha kukoboa.

"Mwalimu, hiyo kitu haingojangi."

"Ni mara moja tu, mzee. Ile miaka mbili itaisha haraka."

"Miaka mbili?" Aliweka gunzi chini. "Si wewe uliniona? Si ulikuwa hapo? Mimi nimekaa na watoto, nachekwa na wasichana kwa mto. Wenzangu walikuwa wanakula, mimi naambiwa nikae huko na mama. Ati sasa nifanyie kijana yangu hivyo, juu ya mpila?"

Nilimwambia juu ya shule ya sekondari ya Kitale. Mwalimu wao wa michezo angekuja Kanduyi kuchagua watoto, na aliyechaguliwa angesoma. Hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia mtoto wake hatakuja kukoboa mahindi ya mtu mwingine kwa kidole. Nilisema hivyo kwake, ameketi mbele yangu na kidole chenyewe kimechubuka. Bado alitikisa kichwa.

Ndipo nikasema, "Nakuomba kama bakoki wako."

Chai ilikuja, akanipa kikombe changu, chake hakukigusa.

"Sasa umeniitia hiyo," akasema, "mimi nitasema nini?"

Nilirudi Kamukuywa nikipiga mluzi. Nilikuwa nimetumia udugu wa tohara kumnyang'anya mtoto udugu wake wa tohara, na nilikuwa na furaha. Sioni namna ya kulisema hilo likawa na nafuu.

Mtoto nilimwambia Jumatatu, nje ya ofisi, baada ya paredi. Alisikiliza akitazama viatu vyangu.

"Na wao?" akauliza.

"Wao waende tu."

"Mbona wao waende?"

"Kwa sababu wewe uko juu yao sana. Wao naweza kupata wengine."

Nilidhani nimempa sifa ya maisha. Alifungua mfuko wa vitabu, akatoa njuga zake, akazifunga kwenye sweta ili zisilie, akazirudisha ndani. Halafu akaniuliza kama anaweza kwenda darasani.

Wale watatu walisimama asubuhi ileile ya fainali. Sisi tulikuwa Kanduyi tangu siku iliyotangulia, tumelala kwenye madarasa ya shule jirani. Asubuhi hiyo yeye aliniuliza saa mara tatu. Mara ya kwanza nilimjibu vizuri. Mara ya tatu nilifoka, nikamwambia mechi ni saa nane, ana haraka gani. Ni jioni, nikiwa nimeshika kombe, ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiulizia mechi. Alikuwa akiwafuata kwa saa: sasa wametoka mtoni, sasa wamefika uani, sasa wamesimama.

Alifunga magoli mawili. La pili watu wa Bungoma waliokuwepo bado hulisimulia. Aliwapita wanne mmoja baada ya mwingine, akampita golikipa, akausukuma mpira ndani polepole. Kelele zilikuwa za kutikisa mabati. Mimi nilikuwa nimezoea kumtazama, na niliona kitu kilichonikera kidogo: hakuinua kichwa kumtafuta mtu yeyote. Mwenzetu mmoja alikuwa peke yake upande wa kulia anamwita, na hakumsikia. Alicheza kama mtu anayemaliza kulima kipande chake aende zake. Tulipombeba mabegani alikaa mkono mmoja kwenye kichwa changu, akitazama barabara ya kwenda kwetu. Ninayo picha. Katika picha hiyo wote tumefungua midomo isipokuwa yeye.

"Sasa naweza kwenda?" akaniuliza tulipomshusha.

Nikamwambia bado kuna taifa, wiki mbili zijazo. Nairobi tulifungwa mechi ya kwanza tu tukarudi na blanketi zetu.

Shule zilifunguliwa Septemba. Wale watatu walirudi wamenenepa kidogo, wanatembea taratibu, sauti zao wamezishusha kwa makusudi. Niliwapa mikono kama wanaume, desturi ndiyo hiyo. Jioni tukaenda uwanjani, na pale ndipo nilipoona.

Hakuna aliyempa mpira.

Hawakumpiga. Hawakumtukana sana. Walicheza tu kana kwamba upande wa kushoto wa uwanja hauna mtu. Alikimbia akainua mkono, mpira ukaenda kulia. Alikimbia tena. Mpiga mluzi alikuwa na mpira katikati, na nilimwona akimtazama, akaupiga mpira nje badala ya kumpa. Mluzi haukupigwa siku hiyo, wala siku iliyofuata. Mwanamume hampigii mluzi omusinde. Hilo ndilo jina la asiyetahiriwa, na mtoto wa darasa la saba anaweza kulibeba ikiwa wenzake wanalibeba pia. Alilibeba peke yake. Mtoni hakuruhusiwa kuoga walipooga. Chakula cha mchana walikula wao watatu sahani moja, yeye akakaa na watoto wa darasa la nne.

Hasira zangu zikapanda. Niliwaita wale watatu mbele ya shule nzima nikawachapa, kila mmoja viboko sita, kwa kosa la kuharibu timu. Walipokea bila kupepesa, kama walivyokuwa wamefundishwa mwezi uliopita tu. Nilikuwa nimewachapa wanaume kwa ajili ya omusinde, mbele ya wasichana. Kama kulikuwa na mlango uliobaki wazi kidogo kati yao na yeye, niliufunga kwa mkono wangu, tena kwa kishindo.

Wiki mbili baadaye alinijia ofisini. Alisimama mlangoni mpaka nikainua kichwa.

"Mwalimu, nataka kuwa golikipa."

Nilicheka. Nilimuuliza kama amerogwa, mguu ule wa kushoto ukae golini kufanya nini.

"Golikipa anapata mpira bila kupewa," akasema.

Ningependa kusema kwamba nililia, au angalau niliweka kalamu chini. Nilimwambia aache upuuzi, kesho avae jezi yake ya winga. Aliivaa. Alisimama kushoto kwenye mstari hadi mwaka ulipokwisha, akikimbia nilipopiga filimbi na kusimama nilipopiga tena. Darasa la nane ilikuwa vivyo hivyo. Alfajiri nilipofika shuleni sikukuta tena vitabu vimepangwa chini.

Shule ya Kitale walimchukua kama nilivyoahidi. Nilimsindikiza mwenyewe, sanduku lake jipya nikilibeba kichwani kutoka stendi, na nilijiambia kwamba kule ni mbali, wanafunzi ni wa makabila mengi, hakuna atakayejua mwaka wake, ataanza upya. Mwanzo mwanzo mwalimu wao wa michezo aliniandikia kunishukuru. Muhula wa pili aliandika tena: kijana wako ni mvivu, anasema anaumwa na tumbo kila siku ya mazoezi.

Nilipanda kwenda Kitale nikiwa nimejaa hotuba. Nilimkuta bwenini, saa za michezo, wenzake wote wako uwanjani, yeye anafua shati lililokuwa tayari safi. Alikuwa amerefuka na kuanza kufanana na baba yake. Mwaka wa tohara ulikuwa umerudi, na nilikuwa na habari ya kumfurahisha.

"Agosti hii utaingia," nikamwambia. "Nimeshaongea na mzee. Nitakuja mwenyewe kukushangilia."

"Nilienda," akasema.

"Ulienda wapi?"

"Hospitali. Likizo ya Aprili."

Nilikaa kwenye kitanda cha mwenzake. Siku hizi wazazi wenyewe wanapeleka watoto hospitali na hakuna anayeshangaa. Wakati ule, kwetu, aliyeenda hospitali alikuwa amekimbia kisu. Angeitwa hivyo hadi kwenye mazishi yake.

"Ndugu yangu mdogo anaingia mwaka huu," akasema. "Hawezi kunipita. Angeningoja. Na mimi kuingia na yeye, na hao watoto wa darasa la tano..." Aliliminya shati. "Si baba alisimama hivyo? Aliniambia vile ilikuwa. Sikutaka."

"Nani alikuwa na wewe?"

"Hakuna. Nesi aliniambia nitazame ukuta."

Hotuba zote zilinitoka. Nilimuuliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo lililobaki. Nilimuuliza kama bado anaupenda mpira.

Alifikiri kwa makini, maana alikuwa mtoto mwenye adabu na mimi nilikuwa mwalimu wake.

"Mwalimu, mimi sikuwa nacheza mpira," akasema. "Nilikuwa nacheza na hao watu."

Aliacha shule mwaka uliofuata. Baba yake hakunilaumu. Tulipokutana aliendelea kunitukana kama desturi inavyotaka, ila matusi yake yalikuwa yamepungua chumvi, na sufuria yangu hakuifunua tena. Alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, nilienda matangani pamoja na bakoki wenzangu tuliobaki, tukafanya mizaha yetu kando ya jeneza, watu wakacheka huku wanalia. Mwanawe alikuja kutoka Kitale kwa siku moja. Wanaume wa umri wake walikaa kwa makundi, kila kundi na mwaka wake. Yeye alikaa karibu na jiko, akiwasaidia wanawake kupasua kuni. Mpiga mluzi alikuwepo, sasa ana kitambi na duka Kamukuywa. Alimpa mkono, akamwambia pole, akarudi kwa wenzake. Sikuona ubaya usoni mwake. Hakuwa na neno la ziada la kumwambia, basi.

Kwa hiyo siku ile ya semina, makofi yalipokwisha, nikanywa soda yao, nikavua tai, nikatembea hadi nyuma ya soko. Nilikuwa na aibu ya uongo wangu na nilitaka kumwona. Lori lilikuwa limeondoka. Alinikaribisha vizuri, akaniita mwalimu kwa sauti ya juu ili wapakiaji wenzake wasikie, akanipeleka kwake, chumba kimoja chenye ua mdogo wa udongo uliopigwa ufagio. Mkewe alileta chai na mahindi ya kuchemsha. Tuliongea habari za mvua na bei ya mbolea. Aliniuliza kama kombe bado liko. Nikasema liko.

Uani watoto walikuwa wakicheza, kama sita hivi, wa majirani. Mmoja, wa miaka saba au minane, alikuwa na mpira wa nailoni mguuni. Mwenzake alimjia kwa kasi. Yule mtoto aliupitisha mpira kwa mguu wa kushoto upande mmoja wa ndoo ya maji, yeye akapita upande wa pili, akaupokea, akautoa kwa mwingine bila kutazama. Wakacheka wote.

Nilikuwa nimeweka kikombe chini. Sikujua kama nimekiweka. Nilikuwa nimeegemea mbele, mikono kwenye magoti, kama nilivyokaa miaka yote kando ya uwanja.

"Huyu ni wako?" nikauliza.

Nilipogeuka nilimkuta ananitazama mimi, si mtoto. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "tafadhali. Usimwangalie."

Nilikishika kiti changu, nikakigeuza, nikakaa nikitazama ukuta. Tulimaliza chai hivyo, mimi na mtoto wa bakoki wangu, na nyuma yangu nilisikia mmoja wao akimwita mwenzake, na mpira ukifika.